Sura ya Saba: Mkopo wa Kubaki Nao na Mkopo wa Kufunga

Uamuzi wa kufunga njia fulani ya kukopa au kuendelea nayo hupimwa kwa mambo matatu: gharama yake halisi kwa mwaka, uhusiano wa tarehe zake za malipo na msimu wa mapato ya mkopaji, na dhamana inayoshikiliwa hadi deni liishe. Mambo hayo matatu ndiyo kiini cha sura hii, na mifano yake imechukuliwa kutoka kaunti za Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, ambako mwalimu, mkulima wa majani chai na mchuuzi wa miraa hutumia mikopo ya aina ileile lakini kwa matokeo yanayotofautiana sana.

Vitabu vingi vya ushauri wa fedha vinavyosomwa duniani huzungumzia kadi za mkopo peke yake. Kadi ya mkopo ni kadi ambayo benki humlipia mteja kwanza anaponunua kitu, kisha humdai baadaye, tofauti na kadi ya kawaida ya benki inayotoa pesa ambazo mteja mwenyewe ameziweka. Nchini Kenya, kadi ya aina hiyo hushikwa na watu wachache, hasa wenye mshahara wa kila mwezi. Wengi zaidi hukopa kupitia sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, au kupitia simu, na kwa sababu hiyo swali la kadi ipi ibaki na ipi ifungwe haliwezi kujibiwa Meru wala Embu bila kuzitazama njia zote za kukopa kwa pamoja. Mtu mmoja anaweza kuwa na kadi ya mkopo, mkopo wa sacco, Fuliza, M-Shwari, KCB M-PESA, Hazina ya Hustler na deni la programu moja au mbili za simu, kila moja likiwa na tarehe yake, na asijue jumla ya anachodaiwa hadi siku mshahara unapoingia na kutoweka.

Njia hizo ziliongezeka kwa kasi. M-PESA ilianza mwezi wa Machi 2007 kama huduma ya kutuma pesa. M-Shwari ikafuata Novemba 2012, KCB M-PESA mwaka 2015, Fuliza Januari 2019, na Hazina ya Hustler ikazinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022. Kila moja ilipokuja, mkopaji aliiongeza juu ya zile alizokuwa nazo, na ni nadra kuona mtu akifunga ya zamani kwa sababu amepata iliyo bora zaidi. Madeni ya kaya nyingi yamejijenga hivyo, bila uamuzi wowote uliofanywa wa kuyaweka pamoja.

Gharama Halisi

Kosa la kwanza katika kulinganisha mikopo ni kulinganisha asilimia zilizotangazwa bila kuuliza asilimia hizo ni za muda gani. M-Shwari hutoza ada ya 7.5% kwa mkopo wa siku 30, kabla ya ushuru wa bidhaa unaotozwa juu ya ada hiyo. Sacco nyingi hutoza 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, maana yake ni kwamba riba huhesabiwa juu ya sehemu ya deni iliyobaki wala si juu ya kiasi chote kilichokopwa mwanzoni. Kwa anayesikia haraka, tarakimu hizo mbili hazionekani kuachana mno, lakini hesabu huonyesha pengo lilivyo.

Shilingi 10,000 zikikopwa kutoka sacco kwa 1% na kulipwa kwa mafungu sawa ya msingi kwa miezi 12, riba ya mwaka mzima hufika shilingi 650. Shilingi 10,000 hizohizo zikikopwa kwa ada ya 7.5%, gharama ya siku 30 pekee ni shilingi 750. Mtu anayelipa mkopo wa simu tarehe ya mwisho na kuuchukua tena kesho yake, mwezi baada ya mwezi, atakuwa amelipa shilingi 9,000 za ada kufikia mwisho wa mwaka, na bado atakuwa anadaiwa zile 10,000. Ada ya mwezi mmoja wa simu inazidi riba ya mwaka mmoja wa sacco, na hilo ni jambo ambalo kila mkopaji anapaswa kulihesabu mwenyewe kwa kalamu na karatasi kabla ya kuamua lolote.

Hazina ya Hustler, kwa upande wake, hutoza 8% kwa mwaka kwa mkopo wa binafsi wa siku 14. Kwa shilingi 10,000, riba ya siku hizo haifiki hata shilingi 31. Hata hivyo, 5% ya mkopo huwekwa akiba, hivyo mkopaji hupokea shilingi 9,500 mkononi, na kiwango anachoruhusiwa mtu anapoanza huwa kidogo. Ni mkopo wa bei nafuu, lakini muda wake ni mfupi, na ambaye hana pesa zinazoingia ndani ya wiki mbili hawezi kuutegemea.

Kadi ya mkopo inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu gharama yake hutegemea tabia ya mwenye kadi. Anayelipa deni lote la mwezi kabla ya tarehe ya mwisho huwa hatozwi riba kwa ununuzi wake, na kadi humpa wiki kadhaa za kutumia pesa za benki bila malipo ila ada ya kila mwaka. Anayelipa kiwango cha chini tu huingia katika hesabu nyingine kabisa. Mfano unaweza kutolewa wa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Runyenjes mwenye deni la kadi la shilingi 40,000, riba ya 3% kwa mwezi na kiwango cha chini cha malipo cha 10%. Mwezi huo hutozwa riba ya shilingi 1,200, hulipa shilingi 4,000, kisha hununua vitu vya shilingi 3,000 kwa kadi hiyohiyo. Mwisho wa mwezi deni ni shilingi 40,200. Amelipa shilingi 4,000 na deni limepanda kwa shilingi 200, ingawa katika taarifa ya benki anaonekana kuwa mteja asiyechelewa. Kadi ya namna hiyo inapaswa kufungwa, au angalau kusimamishwa kutumika hadi salio liishe. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni hatari zaidi, kwa kuwa kwa kawaida hutozwa ada papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Kalenda ya Mapato

Mkopo ulio nafuu kwa mtu mmoja unaweza kuwa ghali kwa jirani yake, na sababu yake huwa ni tarehe za mapato. Fuliza inaonyesha jambo hili vizuri. Fuliza ni huduma inayomruhusu mteja kukamilisha malipo ya M-PESA hata kama salio halitoshi. Hutozwa ada ya 1% ya kiasi alichokopa, kisha ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni, na pesa yoyote inayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Mchuuzi wa miraa mjini Maua anayepungukiwa na shilingi 2,000 za kununulia mzigo asubuhi, akauza na kulipwa kwa M-PESA jioni, hulimaliza deni kabla ada za siku hazijajikusanya. Mwalimu anayechukua shilingi 2,000 hizo siku 20 kabla ya mshahara huachia ada ziendelee siku zote 20. Ikichukuliwa kwamba ada ya siku ni shilingi 20, atalipa shilingi 400 pamoja na ada ya mwanzo ya shilingi 20, yaani zaidi ya tano moja ya alichokopa. Kwa mchuuzi, Fuliza inaweza kubaki. Kwa mwalimu, hiyo ni miongoni mwa njia za kwanza kufungwa.

Mkulima wa majani chai ana kalenda yake. Viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA, kama vile Imenti, Githongo, Kionyo na Michimikuru upande wa Meru, na Mungania na Rukuriri upande wa Embu, hulipa wakulima malipo ya kila mwezi kwa kila kilo iliyopelekwa, kisha bonasi baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi wa Juni, na bonasi hiyo kwa kawaida huwafikia wakulima karibu na Oktoba. Mkopo wenye mafungu madogo ya kila mwezi unaokatwa moja kwa moja kutoka malipo ya kilo humfaa mkulima huyu, mradi makato yasimalize malipo yote. Mkopo wa siku 30 uliochukuliwa Machi kwa matumaini ya bonasi ya Oktoba haumfai hata kidogo, kwa sababu utalazimika kuchukuliwa upya mara saba kabla bonasi haijafika, na bonasi yenyewe hupanda na kushuka kulingana na bei ya mnada wa Mombasa na thamani ya shilingi.

Oktoba ndio mwezi ufaao zaidi wa kufunga madeni katika nyumba ya mkulima wa chai, lakini pia ndio mwezi ambao pesa hupotea kwa haraka, kwa kuwa wauzaji wa pikipiki, samani na simu nao wanaijua tarehe ya bonasi. Mkulima anayetaka kutoka kwenye deni hupanga mgawo kabla pesa hazijaingia: kwanza karo ya muhula wa Januari, kisha deni lenye gharama kubwa zaidi kwa mwaka, ndipo mengine yafuate.

Miraa na muguka zina hatari ya namna nyingine. Pesa zake huingia mara kwa mara, pengine kila siku, lakini soko linaweza kufungwa kwa amri ya serikali ya mbali. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwezi wa Juni 2014. Somalia ilisimamisha kuinunua Machi 2020 na soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Huko Mbeere, katika Kaunti ya Embu, wakulima wa muguka walipata mshtuko wa aina hiyo Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku zao hilo, kabla ya Mahakama Kuu ya Embu kusimamisha utekelezaji wa marufuku hiyo. Mkulima wa Igembe, Tigania au Mbeere aliyeweka hati ya shamba kuwa dhamana ya mkopo mkubwa unaodai fungu lilelile kila mwezi kwa miaka mitano anabeba hatari ambayo mapato yake hayawezi kuihimili. Kwake yeye, mkopo wa kufunga mapema ni ule ulioshika ardhi, hata kama riba yake si ya juu kuliko zote.

Dhamana na Wadhamini

Hapa ndipo uamuzi wa haraka huleta majuto. Sacco zinazotumiwa na watu wengi katika eneo hili, kama vile Winas ya Embu iliyoanzia kwa walimu, Solution na Capital za Meru, Yetu ya Imenti Kusini na Dhabiti ya Maua, hukopesha kwa kigezo cha akiba ya mwanachama, na desturi katika sacco za Kenya ni kumpa mwanachama mkopo wa hadi mara tatu ya akiba yake, akiungwa mkono na wadhamini. Mdhamini ni mwanachama mwenzake anayekubali akiba yake ishikwe hadi deni lilipwe.

Mtu anayebanwa na madeni ya simu hushawishika kujitoa katika sacco ili achukue akiba na kulipa. Hesabu inaweza kuonekana nzuri, lakini mambo manne huisumbua. Kwanza, akiba hairudishwi siku hiyohiyo; notisi ya siku 60 ni ya kawaida. Pili, hisa za mtaji, ambazo ni tofauti na akiba, hazirudishwi bali huhamishiwa mwanachama mwingine. Tatu, anayewadhamini wengine hawezi kuondoka hadi wapate mdhamini badala yake. Nne, akiba ikitoka, uwezo wa kukopa mara tatu kwa riba ya chini hutoweka nayo, na mtu hubaki na zile njia ghali alizokusudia kuzikimbia. Kwa hiyo sacco huwa ya mwisho kufungwa, na mara nyingi njia bora ni kinyume chake: kuchukua mkopo mmoja wa sacco na kuzima kwa siku moja madeni yote ya simu na kadi, kisha kuzifunga njia hizo ili deni lisirudi kwa mlango wa nyuma.

Sacco nayo huchaguliwa kwa macho yaliyo wazi. Sheria ya Vyama vya Sacco ya mwaka 2008 iliunda mamlaka ya SASRA, inayotoa leseni na kuchapisha orodha ya sacco zilizoidhinishwa. Mwanachama anayeona mkutano mkuu wa mwaka umeahirishwa mara kwa mara, au mikopo iliyoidhinishwa haitoki kwa miezi, ana sababu ya kuuliza maswali mapema.

Kwa wenye mshahara, kipo kipimo kingine cha kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba jumla ya makato haipaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara, hivyo theluthi moja hubaki kwa mfanyakazi. Mwalimu ambaye stakabadhi yake ya mshahara imefika mpaka huo hana nafasi ya mkopo nafuu wa makato, na kila anapopungukiwa husukumwa kwenye simu. Kufunga mkopo mdogo mmoja wa makato, hata wenye riba ya chini, kunaweza kumrudishia nafasi hiyo ya kupumua.

Rekodi ya Mkopaji

Ushauri unaotoka Marekani husema kwamba kadi ya zamani isiyotumika isifungwe, kwa sababu alama ya mkopaji inayoitwa FICO huzingatia kiasi cha deni kulinganishwa na kikomo kilichoruhusiwa, pamoja na umri wa akaunti. Kiasi kinachodaiwa hubeba karibu 30% ya alama hiyo na urefu wa historia 15%. Kwa mkazi wa Chicago anayetaka mkopo wa nyumba, ushauri huo una maana. Kuufuata neno kwa neno mjini Embu ni kulipa ada ya kila mwaka kwa faida ambayo haipo au ni ndogo mno.

Nchini Kenya taarifa za wakopaji huhifadhiwa na mashirika yenye leseni ya Benki Kuu, ambayo watu huyaita CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za 2013 ziliagiza taarifa za wanaolipa vyema ziwasilishwe pamoja na za wanaoshindwa, kwa hiyo historia nzuri ina thamani. Lakini kinachomfungia mtu mlango zaidi ni rekodi ya kutolipa, ambayo inaweza kudumu kwa miaka mitano. Kanuni za 2020 ziliondoa uorodheshaji mbaya wa madeni yasiyofika shilingi 1,000, na kila mkopaji ana haki ya ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Mkopo wa sacco unaolipwa kwa wakati hujenga jina zuri kwa gharama ndogo kuliko kadi inayowekwa mkobani kwa ajili ya alama tu.

Namna ya Kufunga

Kufuta programu kwenye simu au kukata kadi kwa mkasi hakufungi chochote. Deni na ada huendelea. Mkopaji huanza kwa kuandika kwenye karatasi moja kila njia ya kukopa, salio lake, gharama yake kwa mwaka, tarehe ya kulipa na dhamana iliyoshikwa. Kisha huomba kutoka kwa mkopeshaji kiasi kamili cha kumalizia deni hadi tarehe fulani, kwa sababu riba ya siku chache iliyosahaulika huweza kugeuka kuwa deni dogo lisilolipwa. Akishalipa, huandika barua au ujumbe rasmi wa kufunga akaunti, huondoa malipo yoyote ya kujirudia yaliyounganishwa na kadi, huomba cheti cha kumaliza deni, na baada ya wiki kadhaa huangalia ripoti yake, kwa mfano kupitia nambari *433# ya Metropol. Aliyetoa hati ya shamba hahesabu kwamba amemaliza hadi hati irudi mkononi na zuio kwenye sajili ya ardhi liondolewe.

Aliyeshindwa kulipa naye ana kinga. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba inayodaiwa kwa mkopo wa benki uliokwama isizidi kiasi cha msingi kilichobaki wakati ulipokwama. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zinawakataza kumtishia mdaiwa au kuwapigia watu walio kwenye orodha yake ya simu ili kumwaibisha. Ni vyema pia kukumbuka kwamba wakopeshaji hukubali kujadiliana: mpango wa Benki Kuu ulioanza Novemba 2022 uliwapunguzia wakopaji wa simu waliokwama angalau nusu ya deni lao.

Kwa kaya nyingi za Meru na Embu, basi, mpangilio unaofaa ni huu: sacco moja iliyo imara ibaki, njia moja ya dharura inayolingana na siku ambazo pesa huingia ibaki, na kadi ya mkopo ibaki tu kwa mtu anayelimaliza deni lote kila mwezi bila kukosa. Zilizosalia zilipwe kwa mpangilio wa gharama, isipokuwa ile iliyoshika shamba, ambayo hutangulia pale mapato yanapotegemea soko linaloweza kufungwa kwa amri. Msomaji na achukue karatasi jioni ya leo, aandike madeni yake yote na gharama ya kila moja kwa mwaka, na achague moja atakalolifunga kabla ya mwezi huu kwisha.